MJANE HEKALUNI



Luka anamtaja Ana binti Fanueli kwa maneno machache. Alikaa na mume miaka 7 tu, kisha akawa mjane hata umri wa miaka 84. Hasemi ni nani aliyeichukua nyumba yake. Anasema alipoonekana: hekaluni, akifunga na kuomba.

Hapa Singida swali la nyumba halirukwi hivyo. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimnyima mjane fungu la urithi wakiwapo ndugu wa ukoo wa mumewe. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga, mkoa jirani, walilipeleka jambo hilo mahakamani, na hatimaye mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliwapa haki.

Basi mama atokaye makaburini akiulizwa atarithiwa na shemeji yupi, asiharakishwe kuambiwa kwamba Mungu ana kusudi naye, ingawa ni kweli analo. Kwanza wazee wa kanisa wafike, wausimamie mji wake usigawanywe. Ndipo atakapopata utulivu wa kuusikia wito: Shule ya Jumapili, maombi ya nyumba kwa nyumba, ama uchungaji, ambao KKKT iliwafungulia wanawake mwaka 1990.

Ana naye alikuwa mzee sana Mtoto alipoletwa hekaluni.