Pima Kwanza, Ndipo Utibu: Presha, Kisukari na Mitishamba

Mazungumzo ya leo yanahusu maradhi mawili yaliyoingia katika nyumba nyingi za Kilifi: presha na kisukari. Yanahusu pia pesa, kwa sababu maradhi ya kudumu hayali mwili peke yake, hula na akiba ya nyumba.

Mfano ni wa mama muuza samaki mwenye umri wa miaka 52. Kwa miezi kadhaa amekuwa akichoka haraka, ana kiu isiyoisha, na usiku huamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Jirani amemwambia ni kazi nyingi. Siku ya soko anamkuta kijana mwenye kipaza sauti akiuza chupa ya dawa inayotibu, kwa maneno yake, presha, sukari, vidonda vya tumbo na maumivu ya viungo. Mama ananunua. Wiki ya tatu anahisi nafuu, anaongeza chupa ya pili. Muda huo wote hakuna aliyempima. Pengine nafuu ni ya kweli, pengine ni ya mawazo tu. Bila kipimo hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe.

Kosa la mama huyu si kutumia mitishamba. Kosa ni kutibu asichokijua. Presha mara nyingi haina dalili yoyote. Mtu hulima, huvua na hucheza ngoma ya harusini huku mishipa ikiumia, hadi asubuhi moja aamke mdomo umepinda na mkono haunyanyuki. Kisukari kisichodhibitiwa nacho hudhuru macho, figo na miguu. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine kila wiki, maisha yake yote au hadi apate figo nyingine. Shamba lililouzwa kwa ajili hiyo halirudi.

Habari njema ni kwamba vipimo vya mwanzo ni rahisi. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba kwa nyumba hupewa mkoba wenye mashine ya presha na kifaa cha kupima sukari kwa tone la damu la kidoleni. Mwenye kutaka kupimwa amuulize huyo kwanza, au afike zahanati iliyo karibu.

Presha ipimwe mtu akiwa ameketi na kupumzika kwa dakika tano, bila kuvuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, irudiwe siku nyingine, kwa sababu kipimo kimoja cha juu hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Sukari ipimwe asubuhi kabla ya kula, baada ya saa nane bila chakula. Ikifika 7.0 au zaidi, mhusika aende kituo cha afya akathibitishiwe katika maabara. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, mwenye mzazi au ndugu anayeugua, mwenye uzito mkubwa, na mama aliyepata sukari wakati wa ujauzito, hao wasisubiri dalili.

Kuhusu malipo, tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Mkazi hujisajili kwa kubonyeza *147# kwenye simu, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Aliyesajiliwa hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vyenye mkataba, na gharama hulipwa na serikali kupitia hazina ya afya ya msingi, hata kama hajaanza kutoa mchango. Mchango huhitajika kwa matibabu ya hospitali kubwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Basi anayeanzia zahanati na kupewa barua ya rufaa huokoa pesa nyingi kuliko anayekimbilia moja kwa moja hospitali ya mbali.

Mgonjwa pia ana haki ya kuuliza. Akiambiwa anahitaji kipimo cha bei kubwa, aulize: majibu yake yatabadilisha nini katika matibabu? Akiandikiwa dawa, aombe iandikwe kwa jina lake halisi, si jina la kampuni. Metfomini ya kisukari na amlodipini ya presha ni dawa za zamani zinazotengenezwa na kampuni nyingi, na kwa hiyo bei yake huwa nafuu.

Tahadhari moja. Kuna watu wanaozunguka na mashine ya kushika mkononi, wakidai inasoma ini, figo, moyo na sukari kwa dakika moja bila kutoa damu. Mashine ya namna hiyo haiwezi kuthibitisha kisukari. Mara nyingi anayepima ndiye anayeuza dawa, na hakuna anayepimwa akakosa ugonjwa.

Sasa tiba asili. Pwani ina utajiri wa mimea, na misitu ya Kaya za Mijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, imehifadhi mingi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asili. Hata metfomini chimbuko lake ni uchunguzi wa mmea uitwao galega, uliotumiwa zamani huko Ulaya. Mmea una nguvu, na chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru. Mwarobaini, ambao watu husema hutibu maradhi arobaini, unaweza kushusha sukari. Ukinywewa pamoja na vidonge vya kisukari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi na mtu akazimia. Baadhi ya mimea huharibu figo na ini. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya usajili haifahamiki imetiwa nini.

Kwa hiyo anayetumia mitishamba amwambie muuguzi, na aende na chupa yenyewe. Asiache vidonge kwa ghafla kwa sababu amejisikia vizuri. Pengine vidonge ndivyo vilivyomletea huo uzima. Na mganga mwema, akimwona mgonjwa mwenye kiu kali au mguu wenye kidonda kisichopona, humpeleka zahanati bila kungoja.

Tiba asili isiyo na shaka iko jikoni na barabarani. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa na ile ya papa mkavu. Sukari ya chai ipunguzwe, soda iachwe. Nusu ya sahani iwe mchicha, mtsunga au kisamvu, robo iwe sima, robo iwe samaki, kunde au mbaazi. Mtu atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Sigara iachwe, pombe ipunguzwe.

Yule mama muuza samaki akipimwa leo, pengine atakutwa na sukari, ataanzishiwa vidonge, atapunguza sukari na sima, na pesa za chupa za sokoni zitabaki kwenye biashara yake. Pengine atakutwa mzima, aendelee na kazi yake akiwa na amani. Majibu yote mawili yanamfaa kuliko kutojua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Asiyejua maradhi yake naye yumo katika hatari hiyo hiyo. Kabla ya wiki hii kwisha, kila mtu mzima aliyefika hapa apimwe presha na sukari, aandike namba zake kwenye daftari, na amchukue mzee mmoja wa nyumbani kwake naye akapimwe.