"Walikuwa wanapika namba!" Je, kubadilisha kipimo ni kudanganya?

Uzi. Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao chetu cha mjadala chuoni. Wengi mliomba, basi nimeyabandika hapa vile yalivyokuwa. Sheria yetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

1. Kila corona ikitajwa, iwe kwenye runinga, matangani ama kwa kinyozi, lazima mtu aseme: "Leo dalili ni hizi, kesho ni zile. Leo wagonjwa ni mia, kesho ni elfu. Hawa watu walikuwa wanapika namba." Watu wanapiga makofi, mjadala unaisha. Leo naomba usiishe hapo.

2. Kabla serikali yoyote ihesabu wagonjwa, inabidi iamue kwanza mgonjwa ni nani. Ni kama kuhesabu vijana wasio na kazi. Yule anayeuza mtumba siku mbili kwa wiki, ana kazi ama hana? Ukijibu ndiyo, unapata namba moja. Ukijibu hapana, unapata nyingine kabisa, na hakuna kijana hata mmoja aliyeajiriwa ama kufutwa. Ugonjwa mpya ni hivyo hivyo, ila hapa unachora mstari kabla hujamjua adui vizuri.

3. Twende Wuhan, China, Januari 2020. Mwongozo wa kwanza wa kitaifa ulikuwa mkali sana. Ili ushukiwe, ilibidi uwe na homa, picha ya mapafu yenye nimonia, dawa za bakteria ziwe zimeshindwa, na juu ya hayo uwe umefika Wuhan ama kuhusiana na masoko yake. Ili uthibitishwe, maabara ilibidi isome jenomu nzima ya virusi. Sasa fikiria mtu mwenye dalili ndogo, ama ambaye hajawahi kukanyaga sokoni. Kwa karatasi, huyo si mgonjwa. Lakini kwa ground anaendelea kuambukiza.

4. Siku chache baadaye kipimo cha PCR kikakubaliwa, kwa sababu ni cha haraka zaidi. Masharti yakalegezwa toleo baada ya toleo. Mapema Februari toleo la tano likaongeza kitu kipya kwa mkoa wa Hubei peke yake: daktari angeweza kumtambua mgonjwa kwa dalili na picha za mapafu, bila kungoja maabara. Hospitali zilikuwa zimejaa na vipimo havitoshi. Kungoja jibu kulimaanisha mtu anakosa kitanda.

5. Hesabu ya 12 Februari ikatoka: visa vipya 14,840 Hubei, kwa siku moja. Dunia ikashtuka. Lakini 13,332 kati ya hivyo vilikuwa vya kundi hilo jipya. Hao watu hawakuugua usiku mmoja. Walikuwa wagonjwa tayari, ila hawakuwa na mahali pa kuandikwa. Wiki moja baadaye toleo la sita likaondoa kundi hilo, na namba za kila siku zikashuka sana. Tena si ati ugonjwa uliisha.

6. Watafiti wa Hong Kong walipiga hesabu upya. Waliuliza: je, kama ufafanuzi wa toleo la tano ungetumika tangu mwanzo, na vipimo vingetosha? Wakakadiria kwamba kufikia 20 Februari China ingekuwa na visa kama 232,000, badala ya 55,508 vilivyotangazwa. Kwa hivyo yule wa kwa kinyozi hajakosea kila kitu. Namba ya kwanza kweli ilikuwa ndogo kuliko hali yenyewe. Alipokosea ni kudhani kwamba kubadilisha ndiko uongo. Hapa kubaki na ufafanuzi wa zamani ndiko kungetupotosha zaidi.

7. Nyumbani je? Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa 13 Machi 2020, msafiri aliyerudi kutoka Marekani kupitia London. Wengi wakasema huu ni ugonjwa wa watu wa ndege. Lakini ukipima hasa waliosafiri na waliokutana nao, utawapata hasa hao. Kigezo kinajithibitisha chenyewe. Dalili nazo zilikuja polepole: Uingereza iliongeza kupoteza uwezo wa kunusa na kuonja kwenye orodha yake rasmi 18 Mei 2020, miezi tayari imepita.

8. Mnaweza kusema, sawa, ni hesabu tu. Hapana. Rudini nyuma kwenye UKIMWI. Marekani, orodha ya magonjwa yanayomfanya mtu ahesabiwe ana UKIMWI ilijengwa zaidi kwa kuangalia wanaume. Wanawake wenye virusi walikuwa wanakufa kwa magonjwa ambayo hayakuwa kwenye orodha. Na orodha hiyo ndiyo ilitumika kuamua nani apate msaada wa serikali wa watu wasioweza kufanya kazi. Nje ya orodha, nje ya msaada. Wanaharakati waliandamana, wakaenda mpaka kortini.

9. Januari 1993 orodha ikapanuliwa. Zikaingia saratani ya mlango wa kizazi, kifua kikuu cha mapafu, nimonia inayojirudia, na kiwango cha seli za CD4 kilicho chini ya 200. Mwaka huo visa vilivyoripotiwa vilizidi mara mbili ya vile vya 1992. Mtu wa makofi angesema wamepika. Mama aliyengojea msaada angesema: hatimaye wameniona.

10. Sasa, simaanishi tuamini kila namba. Kubadilisha kigezo pia ni njia nzuri ya kuficha aibu. Kwa hivyo mtu akisema "walibadilisha", usipige makofi na usimzomee. Uliza:

Walitangaza mabadiliko na tarehe, ama tuligundua wenyewe?

Namba za kigezo cha zamani na kipya zimetenganishwa? Ile 13,332 tunaijua kwa sababu ilitengwa. Bila hivyo tungebaki na kishindo tu.

Sababu imetolewa na watu wa maabara na wodi, ama imetoka jukwaani?

Na la muhimu kuliko yote: nani ameingia kwenye hesabu, nani ametolewa, na kila mmoja anapata ama kupoteza nini?

11. Anayejibu hayo manne, mpe sikio hata kama humpendi. Anayekwepa, mbane hata kama ni wa upande wako. Maswali tupieni hapa chini, nitajibu kesho baada ya darasa.