Mwezi na Mwanamke katika Ushairi



Washairi wengi wa Kiswahili humsifu mwanamke kwa kumfananisha na mwezi. Sifa hiyo ni tamu, lakini ina kasoro: mwezi huangaza kwa nuru ya jua, tena hutazamwa tu, hausemi. Mwanamke husema. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane aliyekuwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha, nao unasomwa hadi leo. Baadhi ya mawaidha hayo, hasa utii kwa mume, yafaa yajadiliwe darasani. Basi msichana wa Tunduma, ambaye mama yake huamkia biashara mpakani, asifundishwe kungoja sifa. Apewe kalamu, atunge mwenyewe.