Sarasara na Zarazara: Sarufi ya Mguso katika Kijapani



Kabla sijaingia katika mada, naomba kila mmoja apitishe kidole juu ya kitu kilicho karibu naye: mkono wa kiti, pindo la kanga, karatasi ya ratiba mliyopewa mlangoni. Kisha akipe jina alichokihisi. Wengi mtasema "laini". Nikiwauliza laini ya namna gani, mtaanza kunitafutia mifano. Mjapani hatafuti. Nywele zilizooshwa zikakauka, zinazopita vidoleni bila kushikana, kwake ni sarasara. Shavu la mtoto mchanga ni subesube. Sakafu iliyopigwa nta ni tsurutsuru. Mkunga aliyetolewa majini sasa hivi ni nurunuru, na hapo ulaini umeshageuka utelezi. Shavu la mtoto halitoi sauti linapoguswa, wala mkunga halii. Maneno haya yanaiga kitu kisichosikika.

Wanaisimu wa Japani hutenga giongo, maneno yanayoiga sauti, na gitaigo, yanayoiga hali, mwendo au mguso. Nitayaita yote tanakali, ingawa istilahi hiyo kwetu imefungwa mno na sauti. Kamusi iliyohaririwa na Ono Masahiro na kutolewa mwaka 2007 ilikusanya 4,500. Wala si mtindo wa juzi. Katika Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712, miungu Izanagi na Izanami wanakoroga maji ya chumvi kwa mkuki ili nchi ipatikane, na mkorogo huo unaelezwa kwa neno koworokoworo.

Wingi wa maneno haunishangazi sana. Kinachonishangaza ni mpangilio wake. Chukueni sarasara, mgeuze s iwe z. Katika maandishi ya kana mageuzi hayo ni vijistari viwili tu juu ya herufi. Mnapata zarazara: msasa, sakafu yenye mchanga, ulimi wa paka. Korokoro ni kitu kidogo kinachobingirika, gorogoro ni jabali. Kirakira ni nyota inayometameta, giragira ni mwanga mkali unaoumiza jicho. Kila koo linapoongeza mtetemo, kitu kinakuwa kizito zaidi, kikubwa zaidi, au kinakera. Mtoto wa Kijapani hafundishwi kanuni hii darasani, lakini ukimbunia neno jipya atalipima kwa kanuni hiyohiyo.

Mwanaisimu Hamano Shoko, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alikwenda mbali zaidi. Alionyesha kwamba katika mizizi ya silabi mbili, konsonanti ya kwanza hubeba hali ya kitu chenyewe, hasa uso wake, na ya pili hubeba mwendo. N ya mwanzo huleta unataji: nurunuru, nebaneba. K huleta ugumu: karikari, kachikachi. R ya katikati huleta kubingirika au kutiririka. Kisha umbo la neno zima huonyesha muda. Tsurutsuru ni hali iliyoenea au inayoendelea; tsurutto ni mguu ulioteleza mara moja, ghafla. Kwa maneno mengine, hii ni mofolojia kamili, ila viungo vyake ni vidogo kuliko mofimu tulizozoea kuzichambua ubaoni.

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu hufundishwa neno la Saussure, lililochapishwa mwaka 1916, kwamba uhusiano wa sauti na maana ni wa nasibu. Sibishi. Mti ungeweza kuitwa vingine, na kweli unaitwa vingine. Lakini mwaka 2022 Bodo Winter na wenzake walichapisha uchunguzi wa lugha nyingi za dunia wakaonyesha kwamba sauti r ya kutetemesha ulimi huandamana na maneno ya ukwaruzo. Tuangalie nyumbani: kukwaruza, kuparuza, kuparura. Hata hivyo, mwenye macho ataniuliza: mbona sarasara nayo ina r, na haikwaruzi? Ndiyo. Mwelekeo wa lugha nyingi ukishaingia ndani ya lugha moja huvaa sarufi ya mahali hapo, na katika Kijapani r hiyo imepewa kazi ya mwendo.

Mahali mfumo huu unapofanya kazi kutwa kucha ni mezani. Watafiti wa chakula wa Japani, wakiongozwa na Hayakawa Fumiyo, waliorodhesha istilahi 445 za namna chakula kinavyohisika mdomoni, na sehemu kubwa yake ni tanakali. Tempura iliyokaangwa vizuri ni sakusaku: inavunjika kwa wepesi, haipambani na meno. Karikari ni ngumu zaidi. Shakishaki ni ya mboga mbichi yenye maji. Paripari ni ya kitu chembamba kikavu, kama nori, yule mwani wa kufungia tonge la wali. Nori ikikaa na wali moto hunyonya unyevu ikanywea. Ndiyo maana matonge mengi yanayouzwa dukani hufungwa kwa karatasi ya plastiki inayotenga mwani na wali mpaka mlaji afungue. Kiwanda kizima kinahangaika ili neno paripari liwe kweli kwa nusu dakika.

Nebaneba nayo ni natto, maharage ya soya yaliyochachushwa, na ni bamia pia. Mgeni kutoka Ulaya mara nyingi hukunja uso. Wa Dodoma au Singida, aliyekua kwa mlenda, hana sababu ya kukunja.

Tanakali zina maadui pia huko kwao. Mwandishi Mishima Yukio, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu uandishi, aliziona zinaushusha hadhi ufasaha. Miyazawa Kenji, mshairi wa Iwate, alizibuni zake mwenyewe bila kuomba ruhusa. Mimi niko upande wa Miyazawa.

Na sisi je? Clement Doke alipoipatia isimu istilahi ya kundi hili la maneno mwaka 1935, alikuwa akichunguza lugha za Kibantu. Kwa hiyo dunia ilijifunza kuyaona maneno haya kwa msaada wetu, nasi tukayaacha kwenye mazoezi ya shule, mwanafunzi ajaze nafasi: nyeupe pepepe, giza totoro, lala fofofo. Hebu tuyasikilize upya. Mtu huanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Tunadhani tunaeleza kuanguka, kumbe tunaeleza uso ulioangukiwa. Mkulima anayesema udongo wa tifutifu ameshalitoa neno hilo kwenye sauti akalitia kwenye mguso, sawasawa na Mjapani.

Ila hazina yetu kubwa ya ngozi iko kwenye vitenzi. Kidonda hupwita, kikitiwa chumvi huchonyota. Koo hukereketa, tumbo husokota. Mjapani hapa hutumia tanakali: zukizuki kwa kinachopwita, hirihiri kwa ngozi iliyobabuka, piripiri kwa ulimi uliochomwa na viungo vikali. Msishangilie kuisikia pilipili humo. Ni bahati tu. Barabara kwao ni vipande vilivyotawanyika ovyo, na kwetu ni njia, au jambo lililonyooka.

Bahati hizo zinatuonya kwamba mfumo haubashiriki kwa sikio la mgeni. Tangu mwaka 2008 Japani imekuwa ikipokea wauguzi na watunza wazee kutoka Indonesia, baadaye Ufilipino na Vietnam, kwa mikataba ya kiuchumi. Wanasomeshwa majina ya viungo na magonjwa, wanafanya mtihani wa taifa kwa Kijapani. Kisha wanakutana na bibi wa miaka tisini anayeshika tumbo akisema shikushiku. Hayo ni maumivu mepesi yasiyokoma, na neno hilohilo hutumika kwa mtu anayelia chinichini. Angesema kirikiri, yangekuwa makali, ya kukeketwa kwa ndani. Muuguzi asiyezitofautisha ataandika kwenye faili "tumbo linauma", na daktari wa zamu atasoma hivyohivyo.