Mtoto wa Mombasa na Fikra Zake

Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini Kenya mwaka 2019, unataja uwazaji kina na utatuzi wa matatizo kuwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Mombasa haikuusubiri.

Katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, mwalimu wa mji huo, akisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, aliongoza kuanzishwa kwa shule za chekechea zilizounganisha mafunzo ya Qurani na elimu ya awali. Mtoto hakukalishwa mkekani kuitikia tu. Alichagua kazi, akaifanya kwa vifuu, kokwa na vifuniko vya chupa, kisha akaeleza alichofanya na sababu yake. Kupanga, kutenda na kutathmini: njia tatu za kufikiri kabla hajajua kuandika jina lake. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda.

Mji wa Kale nao ni darasa tosha. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, Waingereza wakaigeuza gereza, na leo ni makumbusho. Mwanafunzi anaweza kukariri tarehe hiyo akapata alama. Anaweza pia kuulizwa: mwanajeshi aliuonaje ukuta huu? Mfungwa je? Nahodha wa jahazi aliyekuwa akiingia bandarini?

Maswali hayo hayahitaji kompyuta wala bajeti mpya. Yanahitaji mwalimu aliye tayari kusikia zaidi ya jibu moja, na mzazi asiyemnyamazisha mtoto anayeuliza kwa nini.