Mali Bila Daftari

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora



Kamati iliponitaka niseme neno lenye faida kwa makarani, nilidhani kwanza nitasema juu ya barua na majalada, mambo ambayo ndiyo chakula chetu cha kila siku. Baadaye nikaona afadhali niseme juu ya mashua kuukuu. Najua wako watakaocheka, maana Tabora haina bahari wala ziwa, na karani na mashua wapi na wapi? Naomba mnistahimilie. Nitakapomaliza mtaona ya kuwa sikutoka katika kazi yetu hata hatua moja.

Miaka michache iliyopita, katika mnada wa vitu chakavu vya idara moja, nilinunua mashua ndogo ya aluminiamu, urefu wake futi 14, pamoja na mashine yake ya kufungwa nyuma. Mashine hiyo ilikuwa ya zamani sana hata maandishi ya kibao chake yamefutika nusu. Fedha niliyotoa ilikuwa akiba yangu ya miaka mitatu. Nilinunua kwa ajili ya kijana wa marehemu ndugu yangu, ambaye huvua samaki katika mto wa Malagarasi, naye alikuwa akienda majini kwa mtumbwi wa gogo uliokwisha kupasuka. Kila mtu ajuaye mto ule ajua mamba wake na viboko wake. Basi sikununua kwa anasa. Nilinunua kwa hofu, nisije nikaitwa siku moja kumzika kijana yule kama nilivyomzika baba yake.

Mashua ilivuja katika ribiti zake, na mashine ilikuwa imegandamana, haizunguki hata kidogo. Nami kwa kiburi cha mtu aliyesoma nikajiambia, hii ni kazi ya wiki mbili. Siku ya Jumamosi nikatandika gunia uani, nikashika spana, nikaifungua mashine yote. Skrubu, vyuma, springi, vibomba, vyote nikavitia katika karai moja. Mimi niliyekaa ofisini miaka ishirini nikiandika namba juu ya kila barua iingiayo na kila barua itokayo, sikuandika namba hata juu ya skrubu moja! Kisha gurudumu la juu lilipokataa kutoka, nikalipiga nyundo. Likapasuka.

Siku ya pili nilimwita fundi mmoja mzee anayekaa si mbali nami. Alitazama karai, akatazama gurudumu, akanitazama mimi. Hakunikemea. Aliniuliza neno moja tu: “Bwana Karani, daftari la vitu hivi liko wapi?”

Wenzangu, niliona haya. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo nimewasomea vijana wengi ofisini, na leo ilikuwa imenirudia mwenyewe uani kwangu.

Sasa niacheni niwaulize jambo. Je, mwadhani mashua ya kufunguliwa vipande na kuungwa tena ni jambo geni katika nchi hii? Hasha. Njia hii ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kwenda Ujiji, imeona pembe za ndovu, nguo, shanga, na watumwa waliofungwa minyororo. Tena imeona vyombo vya majini vikisafiri nchi kavu juu ya mabega ya watu. Mwaka 1874 Stanley alitoka pwani na mashua iitwayo Lady Alice, iliyokuwa imekatwa vipande. Alipofika nayo Unguja ilionekana vipande vimezidi uzito na upana, havibebeki katika njia nyembamba za porini. Ikabidi seremala avikate upya kabla ya safari. Mashua hiyo ilizunguka ziwa la Viktoria, ikabebwa tena nchi kavu mpaka Ujiji, na mwaka 1876 ikazunguka ziwa la Tanganyika. Nahodha wake alikuwa Uledi, mwana wa Afrika, mtu shujaa. Yapasa jina lake likumbukwe kila itajwapo mashua hiyo. Baadaye kidogo, katika mwaka 1882 na 1883, Wamisionari wa London walileta Ujiji mashua ya chuma, nayo pia katika vipande.

Fikirini taabu ya kazi ile. Kipande kimoja kikipotea njiani, chombo chote ni bure. Mpagazi mmoja akiugua na mzigo wake ukabaki nyuma porini, fundi aliye mbele ataunga nini?

Lakini kubwa kuliko yote ni habari ya meli ya Liemba, ambayo wengi wenu mmepata kuiona Kigoma. Meli hii ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg katika Udachi, ikaitwa Graf von Goetzen. Iliungwa kwanza kwa boliti, ili ijulikane kama kila bamba lakaa mahali pake. Kisha ikafunguliwa yote na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalikuja kwa merikebu mpaka Dar es Salaam, kisha yakapanda gari la moshi. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo meli yenye urefu wa zaidi ya mita 70 ilipita katika stesheni yetu hii, nayo haikuonekana kuwa meli, ila masanduku tu.

Mafundi watatu walikuja pamoja nayo kutoka Udachi: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Vitabu vimetuhifadhia majina ya watu hao watatu. Walakini majina ya vibarua wengi wa Kiafrika waliobeba mabamba yale, wakashika moto na kupiga nyundo juu ya ribiti pale Kigoma, ni nadra kuyakuta. Neno hili naomba mlishike, maana nitalirudia. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Haikupata raha siku nyingi. Vita Kuu ilikuwa imekwisha kuanza, na katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakikaribia Kigoma. Wadachi wakaamriwa waizamishe meli yao wenyewe isishikwe na adui. Hapo ndipo mafundi wale walipofanya jambo la kustaajabisha. Walijua ya kuwa chombo kinakwenda chini ya maji, tena labda hawatakiona milele. Hata hivyo waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali, kama mtu amwekaye mgonjwa wake vizuri kitandani. Kisha wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu tarehe 26 Julai 1916, karibu na mahali mto wa Malagarasi unapoingia ziwani.

Naam, Malagarasi, mto ule ule avuamo kijana wetu.

Wabelgiji waliiinua meli baada ya vita, wakaileta Kigoma, nayo ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Ndipo Waingereza wakaiinua mwezi wa Machi 1924. Walipoifungua mitambo walikuta ile grisi imefanya kazi yake. Mashine na matangi ya mvuke yalikuwa bado yafaa. Meli ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba, jina la kale la maji ya kusini ya ziwa hilo. Katika miaka ya 1970 ilibadilishwa kutoka mvuke ikatiwa mashine za dizeli, na mwaka 1993 ikatengenezwa tena kwa msaada wa Denmark. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Zaire kwa maelfu mengi, na mwaka 2015 iliwaokoa wakimbizi wa Burundi waliokwama katika ufuko wa Kagunga.

Sasa pimeni jambo hili. Yule aliyepaka grisi mwaka 1916 hakuifaidi meli ile tena. Walioifaidi ni watu asiowajua, na wengine walikuwa hawajazaliwa. Mama wa Kirundi aliyepakiwa Kagunga na mtoto mgongoni hakujua habari za mkebe wa grisi. Lakini laiti mitambo ile ingaliachwa ioze, nani angaliisumbukia meli ile kuiinua?

Nirudi uani kwangu. Yule fundi mzee aliniamuru ninunue daftari kabla ya kununua kifaa chochote. Tukatoa vyuma karaini kimoja kimoja, tukavisafisha kwa mafuta ya taa, tukavipanga juu ya ubao, tukaandika. Ilichukua jioni tisa kutambua kila skrubu ilitoka wapi. Gurudumu lililopasuka ilinipasa kutafuta jingine, na kutafuta huko kulinigharimu miezi saba na fedha ambayo sitaitaja, maana mke wangu yumo humu ukumbini.

Kwa ajili ya wale wenye vyombo vya namna hii, nitasema kwa ufupi tuliyoyafanya. Mashine iliyogandamana haipigwi nyundo. Ondoa plagi, mimina mafuta laini ndani ya silinda, iache siku kadhaa, kisha ijaribu kwa mkono polepole. Ikikataa, ongeza mafuta na ongeza subira. Safisha tangi na kabureta, maana petroli ya zamani huacha utomvu unaoziba njia zake. Badili kile kipira cha pampu ya maji, kwa kuwa kikikauka hukatika, na mashine isiyopata maji huungua. Kwa sababu hiyo usiiwashe kavu kamwe; itie mguu wake ndani ya pipa la maji kwanza. Tena usisahau kuchanganya oili na petroli kwa kipimo cha mashine yenyewe, kwa kuwa silinda za mashine hizi za kale hazipati oili kwa njia nyingine.

Na mashua je? Tuliiegemeza juu ya magunia ya mchanga, tukaijaza maji kwa ndani, tukatazama kwa nje yanapotoka. Kila tone tulilitia alama ya chaki, na kila alama tukaiandika. Zilikuwa alama 31. Ribiti zilizolegea tulizigonga upya, mtu mmoja nje na nyundo, mwingine ndani ameshika chuma kizito. Zilizokufa tulizitoa tukatia mpya za aluminiamu. Msitie msumari wala skrubu ya shaba katika aluminiamu, kwani vikikutana majini aluminiamu huliwa.

Mashine iliwaka siku ya Jumapili alasiri, ndani ya pipa, baada ya kuvuta kamba mara nyingi hata mkono wangu ukafa ganzi. Majirani walikuja mbio wakidhani ni moto. Fundi hakusema neno. Alitia kidole katika maji yanayotoka, akaona ni ya vuguvugu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mashua ilipanda gari la moshi kwenda magharibi kwa njia ile ile iliyopita masanduku 5,000, na kijana yuko nayo mtoni mpaka leo. Nikilala, nalala.

Mabwana, kazi yetu ni kama grisi ile. Karani huhamishwa, hustaafu, hufa. Jalada alilolipanga hubaki, na atakayelifungua ni mtu asiyemjua, labda mjane atafutaye haki yake, labda mzee atafutaye kiinua mgongo. Akikuta kila karatasi mahali pake, ataokoka. Akikuta karai la skrubu, amepotea. Usiseme, “Nahama mwezi ujao, atajua mwenyewe ajaye.” Mafundi wale walijua meli inazama, nao walipaka.

Nilisema nitalirudia neno la majina. Daftari la mashua liko sandukuni pamoja na mashine, limefungwa katika mfuko usioingiza maji. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika jina la fundi mzee, na la kijana aliyemshikia chuma. La kwangu liko chini, pamoja na maelezo ya gurudumu lililopasuka na sababu yake, ili asije mwingine akapiga nyundo.