Mizizi ya Maneno: Mazungumzo kwa Watu wa Kisaki



Leo twapenda kusema nanyi habari ya mzigo uwalemeao watoto wetu. Katika shule ya msingi ya serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Aingiapo sekondari, hesabu, jiografia na elimu ya viumbe huwa kwa Kiingereza. Jana alikuwa hodari, leo aonekana kama bubu. Akili haikupotea, maneno ndiyo yaliyopungua.

Basi atayapataje? Wako wakaririo neno moja moja, wakasahau yote kabla ya mtihani. Sisi twaona yafaa kushika mizizi. Jambo hili si geni kwetu. Kitabu, katibu, maktaba: yote yametoka katika shina moja la Kiarabu, maana yake kuandika. Kiingereza nacho kimekopa maneno mengi sana katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na mengi yalipitia Kifaransa baada ya Wanormandi kuishinda Uingereza mwaka 1066.

Tutazame hapa hapa petu. Kusini kwetu iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 katika ardhi ya pori la akiba la Selous. Katika kitabu cha elimu ya viumbe simba huitwa "carnivore", na twiga "herbivore". "Carn" ni nyama, "herb" ni majani, na "vor" ni kula. Na kwa kuwa "omni" ni yote, "omnivore" ni nani? Ni nguruwe, tena ni sisi wenyewe! Mizizi minne imetupa maneno matatu, na hatukukariri hata moja.

Tena tunayo stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Asili ya neno stesheni ni "stare" ya Kilatini, yaani kusimama; ndipo lisimamapo gari la moshi. Na kabla ya reli hiyo, mwaka 1916, majeshi yalipigana hapa Kisaki, na mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi. Mpagazi kwa Kiingereza ni "porter", kutoka "portare", kuchukua. Ndugu zake ni "import", kuleta ndani ya nchi. "Export", kupeleka nje. Na "transport", kuchukua toka upande huu hata upande wa pili.

Lakini jihadharini. Bawabu pia huitwa "porter", naye hachukui mzigo: jina lake latoka katika "porta", yaani mlango. Sura ni moja, mizizi ni miwili. Kwa hiyo mzizi hutupa dhana tu. Sentensi yenyewe na kamusi ndizo zitoazo hukumu.

Basi, vijana, kila mmoja na awe na daftari, kila mzizi na ukurasa wake, na maneno yaliyo ndugu yaandikwe pamoja. Nanyi wazee msiojua Kiingereza, msidhani kazi hii si yenu. Jioni mwulizeni mtoto: "Neno ulilojifunza leo, ndugu zake ni nani?" Akiweza kuwataja na kuwaelezeni maana yao kwa Kiswahili, jueni ameelewa.